Tanga Kubwa kwa Dau Bovu: Dhidi ya Kanuni ya "Kadi ya Michoro Kwanza"

Miongoni mwa vijana wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Zanzibar wanaojikusanyia fedha ili waunge kwa mikono yao kompyuta ya kwanza ya kuchezea gemu, kuna kanuni moja iliyozoeleka kiasi kwamba haiulizwi tena asili yake: kwamba mnunuzi aanze na kadi ya michoro, yaani kile kifaa kinachokokotoa na kuchora picha zinazoonekana kwenye kioo, aitengee nusu ya fedha zake au zaidi, kisha kinachobaki akigawe kwa vifaa vingine kadiri kitakavyotosha. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, prosesa ikiwa dhaifu kidogo si neno, kumbukumbu ikiwa ya kipande kimoja si neno, na pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa kompyuta, huchukuliwa kuwa kitu cha kujazia kasha. Makala haya yanashikilia kwamba kanuni hiyo ni potofu kwa mtu anayeunga kompyuta ya kwanza kwa fedha kidogo, na kwamba katika mazingira ya umeme na soko la Afrika Mashariki upotofu wake huwagharimu wengi. Kadi ya michoro inastahili kuchaguliwa mwisho, baada ya kioo, umeme, prosesa na kumbukumbu kuonyesha wazi ni kadi ya ukubwa gani inayoweza kubebwa.

Haki inadai kwamba hoja inayopingwa ielezwe kwanza kwa nguvu zake zote. Gemu za kisasa hujenga picha upya makumi ya mara kwa sekunde, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, yaani kupaka rangi, kuweka vivuli, kukokotoa mwanga na kusogeza maelfu ya pembetatu zinazounda uso wa mchezaji au ukuta wa jengo, hufanywa na kadi ya michoro, wala hakuna kifaa kingine ndani ya kasha kinachoweza kuifanya kwa kasi inayotakiwa. Kompyuta mbili zikilingana kwa kila kitu isipokuwa kadi, ile yenye kadi kubwa itatoa picha nyingi zaidi kwa sekunde, na tofauti itaonekana hata kwa asiyejua lolote kuhusu kompyuta. Isitoshe, kadi ndicho kifaa cha bei ya juu kuliko vyote, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba penye bei kubwa ndipo penye uamuzi mkubwa. Hayo yote ni kweli na hakuna haja ya kuyakanusha. Kosa limejificha katika maneno yanayopitwa haraka, "zikilingana kwa kila kitu isipokuwa kadi", kwa sababu mwenye fedha kidogo hawezi kamwe kulinganisha kila kitu: kila shilingi anayoiongeza kwenye kadi ameitoa mahali fulani, na swali la msingi ni ameitoa wapi.

Kanuni yenyewe imetokana na namna kadi zinavyopimwa. Wapimaji wa vifaa wanapotaka kujua nguvu ya kadi fulani, huifunga kwenye kompyuta yenye prosesa ya kasi kubwa kabisa, kumbukumbu tele na pawa saplai inayozidi mahitaji, ili kitu kingine chochote kisiwe kizuizi na tofauti zote zitakazoonekana ziwe za kadi peke yake. Huo ni utaratibu sahihi wa upimaji, kwa kuwa anayetaka kujua athari ya jambo moja hana budi kuyatuliza mengine. Lakini jedwali linalopatikana hueleza kadi ikiwa katika hali ambayo mnunuzi wa kawaida hataifikia, na kuligeuza jedwali hilo kuwa mwongozo wa manunuzi ni sawa na kulipima tanga kwenye jahazi zima lenye mlingoti imara, kisha kwenda kulitweka tanga hilohilo kwenye dau lenye mbao zilizooza na kutarajia mwendo uleule. Tanga halikudanganya katika kipimo chake. Dau ndilo litakalozama nalo.

Uchaguzi unaofaa huanzia pale picha inapoishia, yaani kwenye kioo. Kioo kilichozoeleka mezani kina nukta 1920 kwa 1080, ambazo jumla yake ni nukta 2,073,600, na hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kipimo kinachoitwa hezi 60. Maana yake ni kwamba kila picha hukaa mbele ya macho kwa milisekunde 16.7 hivi kabla ya nyingine kuingia. Kioo cha daraja la 4K kina nukta 3840 kwa 2160, mara nne kamili ya hizo, na kazi ya kadi huongezeka karibu kwa kiasi hicho. Kadi inayotoa picha 140 kwa sekunde ikiunganishwa na kioo cha hezi 60, zaidi ya nusu ya picha hizo hazitaonekana kwa ukamilifu, kwa sababu kioo hakina nafasi ya kuzionyesha. Ni kweli kwamba mshindani wa gemu za kufyatuliana risasi hupata unafuu kidogo hata hapo, kwa kuwa picha anayoiona imechorwa karibuni zaidi, lakini unafuu huo haulingani na fedha iliyotolewa. Zaidi ya hayo, gemu zinazowakusanya vijana wengi, kama vile Counter-Strike 2 iliyotolewa mwaka 2023, Valorant ya mwaka 2020, Grand Theft Auto V iliyoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, pamoja na gemu za kandanda, zimetengenezwa ziweze kuchezeka hata kwenye mashine za wastani. Anayenunua kadi kabla ya kujua kioo chake na gemu zake ananunua jibu kabla ya swali.

Baada ya kioo huja suala la utulivu, na hapa ndipo prosesa na kumbukumbu zinapodai haki yake. Wapenda kadi kubwa hutaja wastani wa picha kwa sekunde, na wastani huo huficha mengi: mashine inayotoa wastani wa picha 90 inaweza kuwa inapanda hadi 130 uwanja ukiwa mtupu na kuporomoka hadi 30 wachezaji wengi wanapokutana, na kila inapoporomoka picha moja hukaa kwenye kioo milisekunde 33 badala ya 11, mkono ukahisi kwamba kompyuta imekwama. Ndiyo maana wapimaji makini hutaja pia kiwango cha asilimia 1 ya picha zilizochelewa kuliko zote, kwa kuwa hizo ndizo zinazomfanya mtu auawe ndani ya gemu akiwa amekwisha kubofya. Mikwamo ya namna hiyo mara nyingi haitokani na kadi. Hutokana na prosesa, ambayo hupanga mienendo ya wachezaji, sauti, fizikia na maagizo yanayopelekwa kwa kadi, au hutokana na kumbukumbu inayoshindwa kuilisha prosesa hiyo. Wahenga walisema kenda shika ni bora kuliko kumi nenda uje, na picha 60 zisizoyumba ni kenda iliyo mkononi.

Mfano wa kumbukumbu unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo fedha inapoibwa mara nyingi ili kuinenepesha kadi. Kumbukumbu ya aina ya DDR4 yenye kasi iliyoandikwa 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwenye njia moja, na prosesa za kawaida za kompyuta ya mezani zina njia mbili. Vipande viwili vya gigabaiti 8 vikiwekwa kwenye matundu yanayostahili, njia zote mbili hufunguka na uwezo hufika gigabaiti 51.2, ilhali kipande kimoja cha gigabaiti 16, ambacho idadi yake ni ileile, huiacha njia ya pili ikiwa tupu. Muuzaji atasema "zote ni kumi na sita", na kwa hesabu ya dukani atakuwa sahihi. Katika prosesa zenye michoro ya ndani, yaani zinazochora picha zenyewe bila kadi kwa kuazima kumbukumbu kuu, kama Ryzen 5 5600G ya AMD, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gemu itachezeka au haitachezeka.

Prosesa hiyohiyo inatoa mfano wa pili wa jinsi kadi inavyoweza kuchaguliwa kwa jina ikakutana na mwili usioipokea. Kadi ya Radeon RX 6500 XT, iliyoingia sokoni Januari 2022 ikiwa na gigabaiti 4 za kumbukumbu yake, huwasiliana na ubao mama, ambao ndio bamba kuu linalounganisha vifaa vyote, kwa njia 4 tu badala ya 16 zilizozoeleka au 8 za kadi nyingi za daraja lake. Ikifungwa kwenye mfumo wa PCIe wa toleo la 4.0, njia hizo 4 hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye toleo la 3.0 hupitisha nusu yake. Sasa Ryzen 5 5600G, hata ikikaa kwenye ubao mama wa kisasa, hutumia toleo la 3.0, kwa hiyo kijana aliyeinunua ili ajikimu kwa michoro ya ndani, kisha akaongeza kadi hiyo kwa sababu ameiona juu ya nyingine kwenye jedwali, atapata mashine inayokwama kila gigabaiti 4 zinapojaa na kadi ikalazimika kuvuta data kupitia mlango mwembamba. Katika mkasa huo hakuna kifaa kibovu hata kimoja. Kilichokosekana ni mtu aliyeuliza kwanza kadi itafungwa wapi.

Hata hivyo, hoja nzito kuliko zote iko kwenye pawa saplai, na hapa uzoefu wa nchi zenye umeme usioyumba hauwezi kuhamishwa mzimamzima hadi Kariakoo au Mombasa. Tuseme sanduku moja la bei nafuu limeandikwa ubavuni, kwa herufi kubwa, wati 500. Chini ya herufi hizo kuna jedwali dogo linaloonyesha volti na ampea, na humo mstari wa volti 12 unasoma ampea 18. Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, na 12 mara 18 ni 216. Wati zinazosalia zimetajwa kwenye mistari ya volti 5 na 3.3, ambayo kompyuta ya sasa huitumia kidogo sana, kwa sababu prosesa na kadi ya michoro zote mbili hula kutoka kwenye volti 12. Sasa kadi ya Radeon RX 6600 imekadiriwa kutumia wati 132, na prosesa ya Ryzen 5 5600, ingawa imeandikwa wati 65, huruhusiwa kufika wati 76 inapofanya kazi kwa bidii. Jumla ya hizo mbili ni wati 208, kabla feni, diski na ubao mama havijala chochote. Sanduku la "wati 500" limekaribia kujazwa na vifaa viwili vya daraja la kati peke yake. Kadi kubwa zaidi, ambazo matumizi yake hupanda ghafla kwa vipindi vifupi mno, hulizidi mbali, na tatizo la mipando hiyo ni kubwa kiasi kwamba kiwango cha ATX 3.0 kilichotolewa na Intel mwaka 2022 kiliweka masharti mapya ya pawa saplai kuyastahimili.

Juu ya udhaifu wa sanduku huja udhaifu wa umeme wenyewe. Umeme wa majumbani nchini Tanzania umewekewa kiwango cha volti 230 na Kenya volti 240, lakini kila mwenye nyumba anajua kwamba saa za jioni, majiko, friji na pasi za mtaa mzima zinapowaka, taa hufifia, na taa zikififia volti zimeshuka. Pawa saplai ya kompyuta haipunguzi kazi yake volti zinaposhuka. Hujilipa kwa kuvuta ampea nyingi zaidi. Mashine inayohitaji wati 300 kutoka kwa pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 85 huvuta ukutani wati 353 hivi, ambazo kwa volti 230 ni ampea 1.5 na kwa volti 160 ni ampea 2.2, na kwa kuwa joto kwenye waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea, joto hilo huwa karibu mara mbili. Sanduku zuri limeundwa kulibeba hilo: kwenye kibandiko chake mstari wa umeme unaoingia husomeka volti 100 hadi 240, lina saketi ya kurekebisha namna linavyovuta umeme, na lina kinga za kulizima lenyewe volti za ndani zikipanda mno, ampea zikizidi au joto likivuka mpaka. Sanduku duni husomeka volti 200 hadi 240, na volti zikishuka chini ya hapo mtengenezaji hajaahidi chochote.

Wapo watakaosema kwamba alama ya 80 PLUS, ile nembo ya ufanisi iliyoanzishwa mwaka 2004, inatosha kumhakikishia mnunuzi. Nembo hiyo ni ya manufaa, lakini hupima jambo moja: ni sehemu gani ya umeme unaoingia inayofika kwenye vifaa bila kupotea kama joto. Haielezi kama kinga zilizotajwa zimo, wala haielezi sanduku litaendelea kuishikilia kompyuta kwa muda gani umeme ukikatika ghafla. Muda huo, ambao miongozo ya ATX imeutaka uwe milisekunde 16 au 17 hivi, ndio unaoiwezesha UPS, yaani betri ya akiba, kuingia kazini kabla kompyuta haijazimika, na hutegemea ukubwa wa kapasita kuu, kile kifaa cha mviringo kinachohifadhi umeme kwa milisekunde chache, ambacho ndicho cha kwanza kupunguzwa na anayetaka kuuza kwa bei ya chini.

Joto la pwani nalo lina hesabu yake. Vipimo vya 80 PLUS hufanywa katika chumba cha nyuzi 23 hivi, ilhali Dar es Salaam na Mombasa miezi ya Januari hadi Machi nyuzi 31 na 32 mchana ni jambo la kawaida, na ndani ya kasha huzidi hapo. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kapasita zenye kimiminika ndani yake hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Hii ndiyo sababu watengenezaji makini huandika wati zao kwa nyuzi 40 au 50, na ndiyo sababu pia kasha lenye kioo kitupu mbele na taa za rangi, ambalo hewa haipiti, ni chaguo baya kwa mtu aliyeko Tanga au Malindi, hata likipendeza kiasi gani. Nyumba njema si mlango.

Watetezi wa kadi kwanza hujibu kwamba kadi ni ghali, kwa hiyo ni busara kuinunua fedha zikiwapo, kisha vingine viboreshwe polepole. Hoja hii ingesimama kama vifaa vyote vingebadilishwa kwa urahisi ule ule, lakini havibadilishwi hivyo. Kadi huondolewa kwa skrubu moja au mbili, kitasa kimoja cha plastiki na waya mmoja wa umeme. Fundi wa siku moja huweza. Kubadilisha pawa saplai ni kufumua waya zote za kasha, na kubadilisha ubao mama ni kuunga kompyuta upya kuanzia mwanzo. Kadi pia ndicho kifaa kinachozeeka upesi na kushuka bei upesi, ilhali pawa saplai nzuri, ambazo baadhi yake huuzwa kwa dhamana ya miaka 5, 7 hadi 10, huweza kuhudumia kadi mbili au tatu kwa zamu. Vifaa pia haviharibiki kwa namna moja. Kadi dhaifu humlazimisha mchezaji kupunguza ubora wa picha, na hasara huishia hapo. Pawa saplai mbovu ikipasuka huweza kuondoka na ubao mama, diski na kadi yenyewe kwa mpigo mmoja. Katika soko ambalo ukutani mwa maduka mengi kumebandikwa onyo kwamba mali iliyouzwa hairudishwi, hiyo ni hasara isiyo na pa kuirudishia.

Hoja ya pili hutolewa na wale wanaonunua mtumba wa ofisini, yaani kompyuta zilizotumika katika ofisi za ng'ambo na kuletwa kwa wingi, kisha wakapanga kuzitia kadi kubwa. Njia hiyo si mbaya, na kwa wengi ndiyo pekee inayowezekana. Lakini ni katika njia hiyo kanuni ya kadi kwanza inapoanguka kabisa. Dell OptiPlex 9020 ya umbo la mnara ina pawa saplai ya wati 290, na ile nyembamba ina wati 255, na plagi inayoingia kwenye ubao mama wake ina vichwa 8 badala ya 24 vya kawaida, kwa hiyo pawa saplai ya dukani haiingii bila waya wa kugeuzia. Mashine ya namna hiyo humwambia mnunuzi yenyewe kadi inayoiweza: ile isiyozidi wati 75, kiasi ambacho tundu la kadi kwenye ubao mama limewekewa kutoa bila waya wa ziada. GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 katika matoleo yake yasiyo na plagi ya umeme, na Radeon RX 6400 yenye wati 53, ziliingia kwenye kundi hilo, na ya pili, kama ndugu yake iliyotajwa hapo juu, ina njia 4 tu. Vilevile prosesa ina neno lake: Windows 11 hutaka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, usaidizi wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Valorant kwenye Windows 11 haifunguki pasipo kifaa cha usalama cha TPM 2.0. OptiPlex iliyotajwa ni ya kizazi cha 4.

Hoja ya tatu ni kwamba kadi za mtumba zimekuwa nafuu, hivyo inafaa kuziwahi. Ni kweli kwamba mtandao wa Ethereum ulipoacha mfumo wa uchimbaji mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu za kidijiti ziliingia sokoni. Lakini bidhaa inayotamaniwa na wote ndiyo inayoghushiwa na wengi. Kuna kadi za zamani zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la GTX 1050 Ti, na dalili moja huonekana kwa macho matupu: kizazi hicho cha kadi za Nvidia hakikuwa na uwezo wa kutoa picha ya analogi, kwa hiyo kadi ya jina hilo yenye tundu la buluu la VGA inastahili kurudishwa juu ya meza ya muuzaji. Kuna pia RX 580 iliyoongezewa maandishi 2048SP, ambayo ina vikokotozi 2048 badala ya 2304 vya RX 580 kamili, na ambayo huuzwa kama kwamba maandishi hayo ni sifa. Programu ya bure ya GPU-Z hufichua mengi ya hayo kwa dakika moja, na nusu saa ya gemu nzito hufichua yaliyosalia, lakini anayeweza kufanya majaribio hayo ni yule aliye na kompyuta kamili yenye umeme wa kuaminika. Aliyenunua kadi kwanza hana pa kuijaribia.

Utaratibu unaopendekezwa hapa, basi, ni huu. Fedha zote zigawanywe mafungu 10, kioo na stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti za ukutani, vikiwa ndani ya hesabu na si vya kufikiriwa baadaye. Mafungu 2 yaende kwa kioo na stebilaiza au UPS, kwa kukumbuka kwamba UPS iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400. Fungu 1 liende kwa pawa saplai ya wati 500 au 550 za kweli kwenye volti 12, pamoja na kasha linalopitisha hewa. Mafungu 2 kwa prosesa na ubao mama, ambapo Ryzen 5 5600 au Core i3-12100F hutosha kabisa. Mafungu 2 kwa vipande viwili vya kumbukumbu na diski isiyo na sehemu inayozunguka. Na mafungu 3 kwa kadi. Bei hupanda na kushuka, na mgawo huu utasogea kidogo huku na kule. Mwenye mafungu 7 tu asikope ya kadi: anunue prosesa yenye michoro ya ndani, acheze gemu nyepesi kwa miezi kadhaa, na fedha ya kadi ikitimia aiongeze kwenye mashine iliyo tayari kuipokea, akichagua kadi inayolingana na njia za prosesa hiyo.

Kanuni ya kadi kwanza itaendelea kupendwa, kwa kuwa kadi ina jina la kutajwa mbele ya marafiki na pawa saplai haina. Lakini anayeingia dukani na fedha aliyoichanga kwa mwaka mzima hatakiwi kumridhisha rafiki. Aombe pawa saplai itolewe kwenye boksi, aigeuze upande wenye kibandiko, atafute mstari wa volti 12, azidishe kwa ampea zilizoandikwa kando yake, na muuzaji akikataa kuifungua, aende duka la pili.